Tadeo Sulle na Mmea Uliopanda Kutoka Ziwani

Padri, wenyeviti wa vijiji, ndugu mliotembea tangu jana kutoka Endagikot, na ninyi wa Bwawani mliokaa kule karibu na zizi ingawa mmeitwa mara mbili msogee: tumekusanyika hapa Masakta leo Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1987, kumzika Tadeo Sulle. Maneno haya yameandikwa na Tekla Sulle, dada yake anayemfuata kuzaliwa, na ndiye anayeyasoma. Ataeleza maisha ya kaka yake jinsi yalivyokuwa. Kosa lake nalo litatajwa, maana mwenyewe aliagiza lisirukwe. Anayeona kwamba msibani husemwa mema tu, avumilie kidogo.

Marehemu alizaliwa Endagikot, wilaya ya Mbulu, tarehe 4 Aprili 1931. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Sulle Akonaay na Mama Hilaria. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama alizoea kusema kwamba alikuwa mtoto wa kimya, lakini kimya cha mtu anayekagua, kwa hiyo hata akiwa mgongoni ilibidi umwangalie mikono, maana kila jani lililopita karibu alilivuta.

Akiwa na miaka tisa baba alimchukua kwenda kuchota chumvi Ziwa Balangida. Siku hizo familia zetu zilishuka na punda kila kiangazi, siku tatu za kwenda na nne za kurudi kwa sababu ya mzigo. Katika safari ile Tadeo alifundishwa heshima ya nchi ya Wadatoga. Ukipita kwenye kaburi la mzee wao, lile tuta refu la udongo linalojengwa kwa miezi, unang'oa nyasi kiganja kimoja, unaziweka juu yake, unapita kimya. Chuma chako hakigusi udongo ule wala ulio karibu nao. Baba alilirudia jambo hili mpaka mtoto akachoka kulisikia. Walipofika ziwani, pale kwenye tope jeupe ambapo hakuna kinachoota, Tadeo aliuona mmea mmoja wa kijani umesimama ndani ya chumvi, mnene, una maji, hauna majani. Akauma, akatema. Akamwuliza baba kama ule ni mti au ni majani. Baba akamwambia ng'ombe wanaula bila kuuliza, na yeye apakie chumvi. Tadeo alirudi nyumbani na kitita cha mmea ule ndani ya mfuko uliotakiwa kujaa chumvi, na Mama Hilaria hakucheka.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, kisha shule ya kati Mbulu, akamaliza mwaka 1949. Mwaka 1952 alihitimu chuo cha kilimo huko Arusha, akawa bwana shamba msaidizi. Mwaka 1956 alipelekwa Nairobi miezi sita kujifunza kukausha mimea na kuipa majina. Wengine waliokwenda Nairobi walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na lenzi ndogo ya kuning'iniza shingoni, mbao mbili za kubania mimea, na furushi la magazeti ya zamani. Baba alimtazama, akaomba Mungu amsaidie.

Kazi yenyewe alitueleza hivi. Mmea una familia, una jenasi, una spishi, kama mtu alivyo na ukoo, na baba, na jina lake mwenyewe. Anayekosea jina lako anaweza kukufungisha kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo huandiki jina mpaka umeona ua, umeona mbegu, umeona mzizi. Hayo matatu aliyasema mara nyingi sana hapa nyumbani, hata watoto wake waliyaimba wakikoga.

Ule mmea wa ziwani aliusoma miaka ishirini. Sisi tuliuita chumvi ya ng'ombe, basi. Yeye alituonyesha kwamba una pingili kama muwa, na kwamba majani unayo, ila yamesinyaa yakashikana na shina, yakawa kama mikono ya shati. Maua yake ni madogo kuliko mbegu ya ulezi, yamekaa matatu matatu ndani ya vishimo juu ya kila kifundo, huyaoni bila lenzi. Ni jamaa wa bitiruti, na mchicha nao hauko mbali, ukitaka kuamini. Maji ya chumvi yanayoua mahindi, wenyewe unayanywa, unaihifadhi chumvi ndani ya nyama yake, pingili zikishajaa zinakuwa nyekundu, zinakauka, zinadondoka, na udongo wa pale unazidi kuwa mchungu. Jina lake la Kilatini ni refu na Tekla hatalijaribu mbele ya Padri.

Tena ni mgumu kukausha. Mimea mingine ukiibana kwenye mbao na magazeti inakufa kwa adabu. Huu mwezi mzima bado uko hai, unakunywa maji yake mwenyewe gizani, unaoza polepole, ukija kufungua unakuta vipande. Dawa yake ni kuutumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka. Hilo ndilo lililomkuta Kornelia, mke wake, mwaka 1960. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba, na wiki ya pili bibi harusi alikuta sufuria jikoni ina mboga ya kijani imeshachemshwa. Akashukuru kupata mume anayesaidia jikoni. Akaiunga na maziwa, wakala wote wawili, na Tadeo hakusema neno mpaka alipomaliza sahani. Kisha akamwambia kwa upole kwamba amekula sampuli za ule mmea, alizozikusanya huko Balangdalalu mwezi mzima. Kornelia anasema ilikuwa tamu, na hakuhitaji kutia chumvi.

Walijaliwa watoto watano. Mmoja, Akonaay mdogo, aliwatangulia mwaka 1968. Mwaka 1964 walihamia hapa Masakta.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Kumbe ule mmea si mmoja, ni miwili. Kwa macho ya mtu apitaye, na hata ukishakauka kwenye karatasi, ni kitu kimoja. Lakini mmoja ni wa mvua. Unaota Machi kwenye tope lililokanyagwa na ng'ombe, unakufa Juni, na haumaanishi chochote. Wa pili ni wa mizizi. Huo haufi. Shina lake la chini ni mti kabisa, na mzizi wake unashuka mpaka unapopata maji ya chumvi. Ukiuona umesimama mahali, ujue chumvi iko chini yake mwaka mzima, hata kama juu yake pana maji matamu. Kutofautisha miwili hiyo, ndugu, ni lazima uchimbe, au usubiri kiangazi.

Mwaka 1976 marehemu aliajiriwa na shamba la ngano la serikali la Gisamur. Mnakumbuka miaka ile. Trekta zilikuja kwa misafara, na nyanda za malisho ziligeuka ngano kutoka macho yanapoanzia mpaka yanapoishia. Matuta matatu ya makaburi ya Wadatoga yaliyokuwa malishoni yalilimwa pamoja na majani. Tadeo alikuwepo na hakusema kitu. Alimwambia Tekla baadaye kwamba alisimama kando ya trekta na nyasi zake kiganjani, hakuona mahali pa kuziweka.

Kaya thelathini na moja zilizokuwa kwenye malisho yale zilitakiwa kwenda chini, karibu na ziwa, mahali ambapo ofisi ilipaita Bwawani. Shamba liliahidi kuwachimbia kisima. Jumatatu, tarehe 12 Machi 1979, Bwana Patriki, afisa ardhi wa Gisamur, alikuja hapahapa nyumbani. Leo pia amekuja kutuzika ndugu yetu, kiti chake kiko pale mbele, tunamshukuru.

"Shikamoo, Mzee Tadeo," alisema. "Nahitaji jina la yale majani ya kule Bwawani. Ijumaa karatasi inakwenda Arusha."

"Marahaba. Iko miwili. Wa mvua au wa mizizi?"

"Wewe ndiye mwenye kujua, mzee. Mimi nahitaji jina moja."

Kesho yake Tadeo alishuka. Mmea ulikuwepo, lakini siku hizo haukuwa umeenea. Ulizunguka tuta moja tu, kaburi la baba yake Mzee Gidahoda, mkubwa wa zile kaya. Watu walikuwa wamesimama mbali wanamtazama huyu mtu wa shamba atafanya nini. Jembe alikuwa nalo begani. Aling'oa nyasi, akaziweka juu ya tuta, akapiga magoti, na akashindwa kuchimba. Makaburi matatu yalikuwa yamelimwa mbele ya macho yake, na hili la nne hakutaka liguswe kwa chuma chake yeye. Akatoa kisu cha mfukoni, akakata juu tu. Nyumbani alichemsha, akaangalia kwa lenzi. Maua yalikuwa bado yamefunga. Mbegu hakuna. Mvua ilikuwa inanyesha, na kila kitu nchini kilikuwa kijani. Ijumaa tarehe 16 Machi aliandika: mmea wa mvua. Akatia sahihi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, na mkono wenye kalamu hawakuuona. Tadeo Sulle, aliyefundisha wanawe ua na mbegu na mzizi, hakuona hata kimoja, akaandika. Aliandika kwa heshima, na tungependa heshima hiyo ihesabiwe mahali fulani. Lakini aliandika.

Kaya zilihamia. Kisima kilichimbwa, na miaka miwili maji yake yalikuwa matamu. Mwezi wa Septemba 1981 Tadeo alipita Bwawani kwa kazi nyingine, akakuta mmea uko kijani. Kiangazi kile hata miba ilikuwa imekauka. Tena ulikuwa umeliacha tuta, umepanda hatua sitini kuelekea kisimani. Hapo hapakuwa na kaburi, akachimba. Shina lilikuwa gumu kama mpini wa shoka, na mzizi ulikwenda chini mpaka mkono ukaishia begani. Alilamba udongo wa kule chini. Tekla alimwona alipopanda jioni ile akapita bila kusalimia, akaenda kukaa peke yake nyuma ya ghala.

Mwaka uliofuata ndama walianza kufa. Chai ya wanawake wa Bwawani ikawa haihitaji chumvi, maana siku hizo wengine wetu huku tulikuwa tunatia chumvi kwenye chai. Watoto wakawa wanavimba matumbo, wanaharisha, wanakunywa tena kwa kiu, wanaharisha tena. Mwezi wa Oktoba 1982 Mzee Gidahoda alizika wajukuu wawili katika wiki moja. Tekla ameandika mstari huu mara tatu.

Tadeo alikwenda kwake kusema. Alimkuta amekaa juu ya ngozi nje ya boma. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa chini, akamweleza yote kwa Kidatoga, kwamba jina aliloandika ni la uongo, na kwamba hakuchimba kwa sababu ya baba yake aliyelala pale.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema Mzee Gidahoda.

"Niliona aibu, mzee."

"Ungeniuliza, ningechimba mwenyewe. Ningemwagia baba pombe ya asali, nikamwambia ni kwa ajili ya maji ya watoto. Baba alikuwa mtu wa watu. Angesogea."

Tadeo alisema kwamba kama mzee yule angempiga kwa fimbo, angepata usingizi. Miaka mitano hakulala vizuri.

Kwenye kazi ya mimea kuna utaratibu. Jina likiwa na kosa halifutwi. Unabandika karatasi nyingine pembeni, unaandika jina sahihi, tarehe, na jina lako, ili kila mtu aone nani alikosea na nani alisahihisha. Tadeo alibandika yake tarehe 3 Novemba 1982, kwenye ile sampuli iliyohifadhiwa ofisini Gisamur. Akaandika barua kuomba kaya zile zirudishwe juu. Aliandika sita kwa jumla, na nakala zote ziko kwenye sanduku lake. Alijibiwa mara moja tu, tena kwa mdomo, na Bwana Patriki barazani kwa ofisi.

"Mzee, lile jina limeshakwenda. Huko juu sasa ni ngano. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayajamwagika, Patriki. Haya yanapanda."

Bwana Patriki atatusamehe kumtaja. Alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa wake walikuwa na wao. Marehemu hakumchukia, na alisema tukumbuke kuandika hivyo.

Januari 1983 Tadeo aliacha kazi, akajenga kibanda Bwawani, karibu na kisima. Kornelia alimwambia amerukwa na akili. Akamjibu kwamba yeye ndiye aliyewaandikia watu maji yale, basi ayanywe. Kornelia alilia siku mbili, siku ya tatu akamfungia unga na maharage, akamwambia chakula atamletea kila Jumamosi lakini maji ya kule yeye hatayagusa. Na kweli, kila Jumamosi kwa miaka mitatu alishuka na kapu kichwani na kibuyu chake cha maji mkononi. Alipomwomba mumewe anywe kwenye kibuyu, alikataa. Ugomvi huo haukuisha mpaka alipougua.

Kule alifanya kazi moja. Kila Septemba, wakati mmea wa mvua umeshakufa na uliobaki kijani ni wa mizizi tu, alipigilia kigingi pale mmea ulipofika juu kabisa. Kutoka kigingi cha 1982, alichokipigilia kabla hajahamia, hadi cha 1983 zilikuwa hatua arobaini. Mwaka 1984, hamsini na tano. Mwaka 1985, tisini. Mwaka 1986, mia na thelathini. Ulipita kisima, ukapita boma la Mzee Gidahoda, ukavuka njia ya magari. Tadeo aliona sababu yake, ingawa alisema aliye na elimu zaidi aje amsahihishe: nyasi na miti iliyokuwa inakunywa maji ya mvua huko juu imeng'olewa, ngano ni ya miezi michache tu, na maji yasiyonywewa yanashuka chini ya ardhi yakiisukuma chumvi ije juu. Kaya zilianza kuondoka moja moja bila kuambiwa pa kwenda. Hakuwa mtu wa kuogopa nyoka wala fisi, lakini ilipofika Agosti alianza kuogopa kigingi.

Mwezi wa Februari 1986 miguu yake ilivimba, kisha uso. Hospitali walisema figo. Hawakusema ni maji, na sisi hatutawawekea mdomoni wasichosema. Walimrudisha nyumbani Masakta, na Kornelia akapata hatimaye kumnywesha maji ya huku. Septemba hiyo alibebwa kwenda kupigilia kigingi.

Mwaka huu shamba na kijiji walianza makazi mapya kwa kaya mia mbili, upande wa juu wa njia ya magari. Shule imejengwa, zahanati imefika kwenye linta, kisima kipya kimechimbwa. Konsolata, binti yake, ni mwalimu pale tangu Julai. Mwezi wa Agosti alikuja kumwona baba yake, akamweleza kwa furaha, na kwa kuwa alijua anapenda karatasi, akamletea nakala ya kibali cha ardhi aisome. Chini ya kibali paliandikwa: uoto wa eneo ni mmea wa mvua. Chini yake palikuwa na sahihi. Ilikuwa sahihi yake mwenyewe, ya tarehe 16 Machi 1979. Alikuwa anaishi mwendo wa saa mbili kutoka pale, na hakuna aliyekuja kumwuliza.

Aliomba mkokoteni wa maksai. Kornelia alikataa, Tekla akakataa, akaanza kushuka kitandani mwenyewe, tukamfungia maksai. Ilikuwa tarehe 22 Agosti. Pale kisimani Konsolata alimchotea kikombe.

"Maji ni matamu, baba."

"Hata yale yalikuwa matamu."

Alizunguka kisima akiwa ameshikwa mikono. Upande wa ziwani, kwenye udongo uliotupwa na wachimbaji, alikuta machipukizi kumi na moja, kila moja na pingili nne au tano, kijani katikati ya kiangazi. Alimwambia Konsolata achimbe. Konsolata alichimba kwa mikono yake, na mzizi ulikuwa mgumu, na ulikwenda chini.

Marehemu alifariki hapa nyumbani Jumanne tarehe 15 Septemba, saa sita mchana, baada ya kupokea sakramenti. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakutaka arudishwe Endagikot. Alitaka azikwe mahali ambapo watu wa Bwawani wanaweza kufika kwa miguu. Siku tatu za mwisho alimwandikisha Tekla maneno yafuatayo, akasema ofisini yamekataliwa, basi yasomwe mahali ambapo kila mtu analazimika kunyamaza:

"Mimi, Tadeo Sulle, natangaza kwamba mmea niliouita wa mvua tarehe 16 Machi 1979 ni mmea wa mizizi. Nilikata juu, sikuchimba. Kosa ni langu, si la aliyenituma. Mmea huo sasa uko kwenye kisima kipya, na chini ya kisima kipya kuna chumvi. Maji ni matamu leo. Bwawani yalikuwa matamu miaka miwili. Naomba watu wasihamie pale, na waliohamia watoke kabla watoto hawajaanza kuvimba. Jina langu lisitumike tena kwenye karatasi yoyote ila hii."

Ameacha mjane, Kornelia. Ameacha watoto wanne, Gervasi, Konsolata, Hermani na Benedikta, na wajukuu tisa, ambao watatu wao wanakaa na mama yao Konsolata kwenye nyumba ya mwalimu na wanakunywa kisima kipya tangu mwezi wa Julai. Ameacha dada mmoja, ambaye hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe kushuka Bwawani, na sasa anamwambia. Ameacha kaya za Mzee Gidahoda. Zilikuwa thelathini na moja, leo ni kumi na nne.

Kisima kinafunguliwa rasmi Jumatatu ijayo, tarehe 21, na wageni wanakuja. Konsolata ameagizwa awapange wanafunzi mstari wanywe mbele ya wageni, kikombe kwa kikombe. Asubuhi ya leo, mbele ya jeneza la baba yake, alituambia kwamba hatawapanga, na wakimfukuza kazi wamfukuze.

Karatasi hii imechapwa nakala mia mbili, moja kwa kila kaya iliyoandikishwa kwenye makazi mapya. Ziko kwenye meza pale mlangoni. Mkishamaliza kutupa udongo, kila kaya ichukue yake, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Mungu ampe Tadeo pumziko la amani. Ninyi ondokeni.